Mvua Ilitushika Southall

Nilikuwa na mwavuli. Naanza na hilo kwa sababu kila aliyenilaumu baadaye aliniuliza swali hilohilo, na mimi sipendi kuulizwa kitu mara mbili. Mwavuli nilikuwa nao, mkubwa wa kutosha watu wawili, na kiti cha magurudumu cha Mzee Kanti kina plastiki yake ya kuvutwa hadi magotini. Kutoka kwa kinyozi mpaka nyumbani kwake ni mwendo wa dakika nane. Tungeweza kufika.

Naitwa Jedidah. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao hapa Southall, London, na Mzee Kanti alikuwa wangu kila siku kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Ana miaka themanini na minne. Mkewe, Bi Ranjan, alifariki mwezi wa kumi, na tangu siku waliyomuaga, mzee hakufungua mdomo tena ila kwa kijiko. Kiingereza hakusema, Kigujarati hakusema. Faili lake lilisema amezaliwa Tanganyika, kwa hiyo siku yangu ya kwanza niliingia na shikamoo ya nguvu na Kiswahili chote nilicho nacho. Akaangalia ukuta. Niliendelea kumwamkia hivyo kila asubuhi kwa miezi minne, maana nimelelewa, lakini kujibiwa nilikuwa nimeshakukatia tamaa.

Alhamisi hiyo, saa tano asubuhi, afisa wa ustawi wa jamii alikuwa anakuja kumtathmini. Binti yake, Deepa, ni mfamasia, mama wa miaka hamsini na kitu mwenye macho ya mtu asiyelala. Alinieleza siku moja kabla, tumesimama jikoni, mlango umefungwa ili baba yake asisikie.

"Wanataka kujua kama bado yupo," akasema kwa Kiingereza, maana Kiswahili hakijui. "Akikaa kimya hivi, wataandika kwamba hajielewi, na atapelekwa nyumba ya wazee. Nafasi iliyopatikana iko Kent, saa mbili kwa gari. Na mimi nitasaini, Jedidah. Sina nguvu tena ya kukataa."

Akafuta macho kwa mkono wa koti lake jeupe la kazini. Kisha akaniomba nimpeleke mzee akanyolewe, angalau afisa amkute na sura ya mtu anayependwa.

Mimi mwenyewe ni mtu wa Rungwe, kijiji cha mlimani, saa moja na nusu kwa mguu hadi Tukuyu mjini. Nimekulia kwenye matope. Sare zetu za shule hazikuwa zinakauka. Tulizivaa na ubaridi wake na harufu ya moshi, na nilipopata upenyo wa kuondoka niliondoka bila kugeuka nyuma. London niliipenda siku ya kwanza na wala sikumficha mtu. Treni inapita chini ya mto! Maji ya moto yanatoka ukutani! Ndugu wakinipigia simu na kuniambia nakosa mambo kijijini, nilikuwa nawacheka. Nakosa nini, funza? Nimeringa hivyo miaka kumi na moja.

Basi Alhamisi tukaenda kwa kinyozi. Akamnyoa vizuri, akamchana zile nywele nyeupe kwa upande, akampaka mafuta. Tulitoka saa nne na dakika ishirini, na nilikuwa najipongeza kwa kuwahi.

Mvua ya London mnaijua. Inakutemea mate kwa mbali siku nzima na haimsimamishi mtu. Watu wanainamisha vichwa, wanaongeza mwendo, kila mmoja na njia yake. Lakini asubuhi ile mbingu zilifunguka. Yalishuka matone makubwa, mazito, yakadunda kwenye lami na kuruka tena juu, na mlio wake ukameza mabasi, muziki wa madukani, hata king'ora cha gari la wagonjwa lililopita mbele yetu. Katika miaka yangu yote hapa sikuwahi kuona kitu kama kile. Nikakisukuma kiti chini ya turubai la duka la vitambaa lililokuwa karibu, niivute ile plastiki, nifungue mwavuli, twende.

Mzee akaweka mkono juu ya gurudumu.

"Subiri," akasema.

Nilidhani ni mtu mwingine. Nikageuka nyuma, hakuna mtu.

"Subiri, mama. Hii mvua ya Tukuyu. Hii haibishwi."

Sauti ilikuwa inakwaruza kwa kukaa bila kazi, lakini Kiswahili kilikuwa kimenyooka. Nikachuchumaa mbele yake palepale.

"Tukuyu ipi, mzee?"

"Ziko ngapi?"

"Mzee Kanti, mimi ni wa huko! Mimi ni wa Rungwe, huko juu mlimani!"

Akanitazama. Miezi minne nilikuwa nimemvisha, nimemlisha, nimemkata kucha, na ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kunitazama. Akasema, "Ugonile," kwa Kinyakyusa, salamu ya kwetu ya kumuuliza mtu kama ameamka salama. Sikuwa nimeisikia London ila kwenye simu. Kisha akaongeza, taratibu, "Na marahaba. Zile za asubuhi zote. Nilikuwa nazisikia."

Nililia. Sioni aibu kusema. Nililia pale barabarani waziwazi, mbele ya duka la watu.

Sasa, kwa asiyepajua kwetu, lazima nieleze jambo moja, la sivyo atadhani tulirukwa na akili. Tukuyu mvua ndiyo mwenye mji. Ikikukuta njiani unaingia kwenye baraza la duka lililo karibu, uwe unamjua mwenyewe au humjui, na mwenye duka hawezi kukufukuza mpaka ikatike. Huko unapochelewa, wanajua. Mwalimu anajua, mchungaji anajua, hata hakimu anajua. Ukifika ukasema "nilishikwa na mvua," kesi imekwisha, unaonyeshwa pa kukaa. Hakuna anayekimbia kwenye mvua ile ila mwizi na mtu aliyefiwa. Hayo niliyajua tangu utotoni na nilikuwa nayahesabu kuwa ushamba.

"Mzee, tuna appointment," nikamwambia. "Afisa wa council anakuja nyumbani saa tano."

"Huyo afisa ana macho?"

"Anayo."

"Basi si ataiona mvua?"

Na mimi, Jedidah, mwenye cheti cha kazi na saa mkononi, nikaona amesema kweli tupu. Nilikubali kabisa, kwa moyo wote, kama vile halmashauri ya huku nayo ilinyeshewa Tukuyu ikiwa ndogo. Nikafunga breki ya kiti. Simu niliiacha ndani ya mkoba, mkoba uko chini ya kiti. Hilo ndilo kosa langu, na nimeshalikiri kwa maandishi.

Mwenye duka akatoka. Anaitwa Hemali, binti mwembamba mwenye miwani, na alitoka akiwa na uso wa kutuambia tunaziba mlango. Mzee akamwahi kwa Kigujarati, na kutokana na mkono wake nilielewa anachosema: alikuwa anamkaribisha. Alimkaribisha mwenye duka kwenye baraza lake mwenyewe, akamwonyesha pa kusimama, maana pale alipo panavuja. Hemali akacheka, akaingia ndani. Alirudi na stuli kwa ajili yangu na vikombe vya chai ya tangawizi.

Mzee akaishika chai kwa mikono miwili, akaanza kunipa mji. Sijui niseme namna gani nyingine. Aliutoa kipande kwa kipande, akauweka mbele yangu. Duka la baba yake kwenye mteremko wa kwenda sokoni. Fundi cherehani wa barazani, Zephaniah, aliyejua vipimo vya mji mzima na hakuviandika popote, kiasi kwamba mtu akinenepa, Zephaniah ndiye wa kwanza kujua. Ukungu unaoingia dukani bila hodi, mpaka unamuuzia mtu chumvi kwa kumtambua sauti. Harufu ya vumbi la majani ya chai kwenye magunia. Watu wanaoshuka milimani na ndizi kichwani, wakifika wanatua mizigo, wanapeana salamu moja baada ya nyingine, za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, na biashara inangoja mpaka salamu ziishe.

Nilimsikiliza nikashangaa, na mshangao wangu ulikuwa na hasira ndani yake. Mji ule nimeupita mara elfu. Nimekaa kwenye mabaraza yale nikiwa na daftari kifuani, nikiomba mvua ikatike niende zangu. Kumbe nilikuwa nimekaa ndani ya kitu kikubwa namna ile! Watu thelathini chini ya bati moja, bega kwa bega, hakuna pa kwenda, na kwa saa nzima hakuna kazi nyingine duniani ila kuwa na wenzako. Nani mwingine anapewa saa kama hiyo? Mimi nilipewa bure kila siku kuanzia Novemba hadi Mei, nikaiita matope.

"Nani anaongea Kiswahili hapa?"

Alikuwa mzee mmoja Singasinga, kilemba cha buluu, amebeba mifuko miwili ya mboga, maji yanamchuruzika ndevuni. Alikuwa anapita mbio.

"Sisi," nikasema.

"Mimi nilizaliwa Nakuru, bana! Baba yangu alikuwa reli!"

"Ingia basi," Mzee Kanti akamwambia. "Unafukuzwa na nani?"

Yule mzee akasimama kwenye mvua, akafikiri, akaona kwamba kweli hafukuzwi na mtu. Akaingia, akatua mifuko. Na hapo nikaona jambo ambalo sikutegemea kuliona London. Mama mmoja wa Kisomali na kigari cha mtoto alituona tumesimama, naye akasimama. Wakaja wanafunzi wawili. Akaja mwanamume wa kukaanga jalebi, vitamutamu vya Kihindi, kutoka duka la pili, turubai lake limeelemewa na maji, akiwa na sinia lake zima, akaanza kugawa kabla hazijapoa. Hakuna aliyewaita. Watu waliona watu wametulia, wakakumbuka kwamba kutulia kunawezekana. Walianza kuulizana wanatoka wapi, mtoto ana miezi mingapi, hiyo mboga unaipikaje. Mzee Kanti alikuwa katikati, nywele zimechanwa, anawapangia pa kusimama kwa lugha tatu.

Kisha yule wa Nakuru akamuuliza, kwa Kiswahili, kama huko Tukuyu mvua ilikuwa kali zaidi ya hii. Mzee akatabasamu, akaweka kikombe chini.

"Nikueleze ya mwaka sabini," akasema.

Wakati huohuo nikamwona Deepa.

Alikuwa anakuja mbio na koti lake jeupe limemganda mwilini, hana mwavuli, na nyuma yake mwanamke mrefu mwenye mwavuli mweusi na faili kifuani. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Saa yangu ilisema tano na dakika ishirini na tano. Hapo ndipo Tukuyu yote iliniponyoka, nikabaki na kilichokuwa mbele yangu. Kumchelewesha mzee siku ile kulikuwa sawa na kumpakia mimi mwenyewe kwenye gari la Kent.

"Nimepiga simu mara kumi na moja!" Deepa akanipigia kelele kabla hajafika. "Mara kumi na moja, Jedidah! Afisa alikuwa amekaa nyumbani anaangalia kiti kitupu! Unajua umefanya nini? Unajua..."

Alikuwa amesikia sauti.

Aligeuka polepole. Baba yake hakuwa amemwona. Alikuwa amempa upande, anamsimulia yule wa Nakuru, mikono inapanda na kushuka. Deepa akaangalia ile mikono. Akaangalia mdomo unavyokwenda.

"Anaongea," akasema.

"Tangu saa nne na nusu."

"Anasema nini?" Akanikamata mkono, ananiumiza. "Niambie anasema nini."

Nikamtafsiria karibu na sikio, nikipaza sauti ishinde mvua, sentensi kwa sentensi, kama wanavyofanya kanisani akija mhubiri mgeni. Nilianza bila kujua hadithi inakwenda wapi, na nilipojua, nilipunguza kasi nisikose neno hata moja.

Ilikuwa Aprili, mzee alisema. Mvua ya siku ya tatu. Mke wangu alishikwa na uchungu asubuhi, barabara ya hospitali imekatika, gari limezama hadi milango. Barazani kwangu kulikuwa na watu arobaini wameshikwa na mvua. Nikatoka pale nje, kijana mdogo, sijui lolote, nikawaambia tu, jamani, Ranjan anajifungua. Mama mmoja aliyekuja kuuza ndizi akatua mkungu wake, akanawa mikono kwenye maji ya bati, akaingia ndani. Wanawake wengine wakamfuata. Sisi wanaume tukaambiwa tunyamaze.

Arobaini, mzee alisema. Hakuna aliyekohoa. Zephaniah alisimamisha cherehani. Tulikaa hivyo mpaka jioni, na mvua ilipokatika hakuna aliyekwenda kwao, wakati wengine wana milima miwili ya kupanda. Halafu mtoto akalia. Jamani! Wale watu waliimba. Kesho yake walirudi, kila mmoja na kitu, yai, maziwa, mkungu, wakadai kumwona mtoto wao. Hawakusema mtoto wa Kanti. Walisema mtoto wetu. Mpaka tulipoondoka kuja huku, mtoto yule alikuwa hajawahi kutembea chini sokoni, alipita mikononi.

Mtoto yule ndiye Deepa. Amekuja nchi hii ana miaka miwili. Mvua ilikuwa inampiga mgongoni, nusu yake iko nje ya turubai, wala hakuwa anajua.

Yule afisa naye alikuwa amesikia Kiingereza changu chote. Alikohoa kidogo, akasogea mbele ya kiti, akainama. Hakuwa mtu mbaya. Kazi ni kazi. Akafungua faili.

"Bwana Kanti," akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya juu na ya taratibu. "Naomba nikuulize. Unajua sasa hivi uko wapi?"

Kati ya maswali yote ya duniani, lile! Mtu huyu kwa saa nzima alikuwa Tukuyu, na mimi ndiye niliyemsindikiza. Akisema Tukuyu, afisa ataandika, na kalamu ilikuwa tayari. Deepa akaziba mdomo kwa mkono. Hata yule wa Nakuru alielewa, nikaona anakunja uso.

Mzee akamtazama afisa. Akatazama barabara, mabasi mekundu yamejipanga na taa zao, vitambaa vya Hemali, sinia la jalebi, kigari cha mtoto, sisi sote.

"Southall," akajibu kwa Kiingereza safi. "Mbele ya duka la binti huyu. Nimeishi hapa miaka hamsini na miwili, na leo ndiyo mara ya kwanza watu wamesimama."

Kisha akaunyooshea kidole mwavuli wa afisa, akamuuliza kwa upole kabisa ni kitu gani kilikuwa cha haraka hivyo hata akatembea kwenye mvua kama ile.

Afisa akaangalia faili, kana kwamba jibu limo humo. Halafu akafunga mwavuli, akaingia chini ya turubai pamoja nasi, na mtu akampa jalebi. Alimwambia Deepa kwamba fomu ataimalizia nyumbani kwa mzee wiki ijayo, lakini kwa alichokiona haoni sababu ya kumhamisha mtu huyu kwenda popote. Mimi atanilalamikia kwa mwajiri wangu, akasema, ni lazima. Nikamwambia alalamike tu.

Deepa akapiga magoti kwenye maji, mbele ya kiti. Ndipo baba yake alipomwona.

"Umeloa," akamwambia kwa Kiswahili.

"Muulize," Deepa akaniambia bila kuondoa macho kwake. "Yule mama wa ndizi. Muulize aliitwa nani."

Nikauliza. Mzee akacheka, kicheko chembamba ambacho sikujua anacho.

"Tusekile," akasema.

Deepa akajaribu kulitamka jina, akakosea. Baba yake akamrudishia, silabi kwa silabi, na wale wengine wote walinyamaza ili amsikie. Alikosea tena. Mara ya nne akalipata, akaendelea kulisema, polepole, hali mvua ilikuwa imeshakatika na barabara inatoa mvuke, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameondoka.